Fuko Hawezi Kuvumilia Tundu Wazi

Mche wa mgomba tulioupanda mwanzoni mwa masika ulinyauka siku moja, majani yake yakiwa bado mabichi. Nilipoushika ukang'oka mkononi kama kijiti kilichochomekwa mchangani. Mizizi yote ilikuwa imekatwa, na chini yake palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, kuta zake zimesilibwa kama za chungu.

Nyumba yetu iko kwenye ukanda wa migomba, miteremko ya Kilimanjaro. Ua si mkubwa: migomba, mistari michache ya karoti, tuta la viazi vitamu na kipande cha majani wanapochezea watoto. Ndani ya wiki tatu vifusi vya udongo vilijipanga kutoka kando ya barabara hadi hatua nne kutoka dirisha la chumba cha watoto. Dirisha hilo nitalirudia, maana ndilo lililoamua tufanye nini na tusifanye nini.

Kwanza ilibidi kumjua mhusika. Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu zetu unamhusu fuko wa Ulaya, mnyama mla minyoo ambaye hayupo kabisa Afrika kusini mwa Sahara. Ndiyo maana utasikia mtu akishauriwa anyunyizie dawa ya kuua wadudu wa ardhini ili fuko akose chakula. Fuko wetu wa nyanda za juu, ambaye wanasayansi humwita Tachyoryctes, ni jamaa ya panya. Hali minyoo. Anakula mizizi, viazi, karoti na nyasi, na anachimba kwa meno ya mbele, si kwa kucha. Ukinyunyizia dawa ya wadudu utakuwa umeua minyoo inayokurutubishia shamba na yeye umemwacha mezani. Milima ya Afrika Mashariki ina pia fuko-dhahabu, mdogo, manyoya yanang'aa, anayekula wadudu na kuinua tuta jembamba la udongo juu juu bila kugusa mizizi. Huyo mwache. Mizizi iliyokatwa kama kwa patasi pamoja na kifusi kikubwa ni alama ya yule mwingine.

Tulianza vibaya, kama wengi. Tulimimina maji ndoo baada ya ndoo kwenye tundu. Udongo wa volkano uliyanywa yote. Tukachoma pilipili kavu tukapepea moshi ndani. Utupa tuliokuwa tumeupanda mpakani, kwa kuamini kwamba harufu yake inamfukuza, ulistawi vizuri, na kifusi kipya kikatokea hatua mbili kutoka shina lake. Baadaye nilielewa kwamba maji na moshi vilishindwa kwa sababu ileile moja. Fuko akihisi upepo, mwanga au unyevu usio wa kawaida katika njia yake, hakimbilii nje. Anasukuma udongo na kuziba. Dakika chache tu na ukuta umesimama kati yake na chochote ulichoingiza.

Ndipo jirani yangu, kwa nia njema kabisa, akaniletea vidonge vinne vya kufukizia mahindi ghalani, vimefungwa kwenye kikaratasi. Ni fosfidi ya alumini. Kikipata unyevu kidogo, kidonge hicho hutoa gesi ya fosfini, na fosfini haina dawa ya kuizima mwilini. Kutumia vidonge hivyo shambani mbali na makazi ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Uani ni jambo jingine. Fuko ataziba njia upande wake, lakini gesi itaendelea kutafuta upenyo, na upenyo ulio karibu unaweza kuwa ufa wa msingi wa nyumba. Haya yamekwisha kutokea. Februari 2010, katika mji wa Layton, jimbo la Utah, Marekani, watoto wawili wa familia moja walifariki baada ya vidonge vya aina hiyo kuwekwa kwenye mashimo ya panya wa bustani karibu na nyumba yao. Mwaka huohuo mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilipiga marufuku kuvitumia kwa wanyama wachimbao kwenye viwanja vya makazi ya watu. Nilitazama vifusi, nikatazama dirisha, nikamrudishia jirani kikaratasi chake.

Mtu aliyemtoa fuko uani kwetu ni mzee mtegaji kutoka kijiji cha juu. Nilimpokea: "Shikamoo babu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," na kabla ya kukaa akauliza kifusi cha asubuhi ya leo ni kipi. Swali hilo ndilo nusu ya kazi. Kifusi kilichokauka ni historia tu. Kifusi chenye udongo mbichi unaoshikana ukiufinya kinaonyesha njia inayotumika.

Hakuchimba kwenye kifusi chenyewe. Kifusi hakikai juu ya njia kuu. Fuko hutupa udongo kupitia tawi la pembeni, kisha tawi hilo analijaza. Babu alisimama katikati ya vifusi viwili vipya, akachoma ardhi kwa kipande cha nondo, hapa, pale, tena pale, mpaka nondo ikazama ghafla kama iliyopita kwenye uvungu. Hapo akafungua kwa panga, kina cha shibiri moja na nusu hivi, na njia ikaonekana ikielekea pande zote mbili. Akaiacha wazi, akaomba chai.

Tulipomaliza chai upande mmoja ulikuwa umezibwa. Udongo wake ulikuwa mbichi na umeshindiliwa. "Yuko huku," alisema, akionyesha upande wa migomba. Nimefikiri sana juu ya dakika zile. Sisi tulikuwa tumetumia wiki nzima kupigana na tabia ya fuko ya kuziba. Mzee alitumia tabia hiyohiyo kama kipimo, na sasa alikuwa anaigeuza kuwa chambo. Mtego wake hauna chakula ndani yake. Kinachomwita fuko ni tundu lililoachwa wazi.

Mtego wenyewe ni hivi. Kopo la maziwa ya unga limekatwa kitako likawa bomba, upana wake ukikaribiana na wa njia. Mgongoni mwa kopo kuna matundu mawili. Tundu la kwanza linapitisha waya mwembamba ambao ndani umefanywa kitanzi, umelazwa ukizunguka ukuta wa kopo ili mnyama asiuguse. Tundu la pili, nyuma ya kitanzi, linapitisha kamba ya mgomba iliyosokotwa, ambayo inakatiza katikati ya bomba na kufungwa chini. Juu ya ardhi kuna fito mbichi ya mita 1.5, imechomekwa imara na kupindwa. Waya na kamba vyote vimefungwa kwenye ncha ya fito hiyo. Tofauti yao ndiyo mtego: kamba imekazwa na ndiyo inayozuia fito isinyooke, waya umelegea.

Kopo likakaa ndani ya njia kinywa kikielekea kwa fuko, udongo ukashindiliwa pembeni, na nyuma babu akaacha upenyo wa kidole kimoja ili upepo uingie. Kabla ya kugusa chochote alikuwa amejipaka udongo wa palepale mikononi.

Fuko anapohisi upepo anakuja akisukuma udongo wa kuziba. Kichwa kinapita kwenye kitanzi, anakuta kamba imemkatiza, na kizuizi chochote njiani mwake hukatwa kwa meno. Kamba ikikatika fito hunyooka, waya hupanda, na kitanzi hukaza dhidi ya dari ya kopo. Nilimwuliza babu kwa nini anachagua fito kwa muda mrefu vile. Akajibu kwamba fito dhaifu humshika mnyama bila kumwua, na hilo si haki. Niliheshimu jibu hilo.

Mtego uliowekwa saa nne asubuhi ulifyatuka saa tisa alasiri. Kwenye mizani ya jikoni fuko alikuwa na gramu 240, kahawia, macho madogo kama mbegu, meno ya mbele ya rangi ya chungwa. Babu alimshika kwa mfuko wa nailoni, na nawaomba wote wafanye hivyo. Viroboto wa panya ndio wanaoeneza tauni, na watu wa Lushoto waliteswa na ugonjwa huo kwa miaka mingi tangu 1980.

Fuko wa pili alinaswa siku ya nne, upande wa karoti. Siku ya sita kifusi kipya kikatokea palepale aliponaswa wa kwanza. Hapo kosa lilikuwa letu. Mwaka 1971 watafiti Jennifer Jarvis na J. B. Sale walichapisha uchunguzi wao wa mashimo ya mafuko wa Afrika Mashariki, na moja ya tofauti kubwa kati ya jamii hizo ni hii: fuko-uchi wa maeneo makavu huishi kwa makundi, lakini huyu wetu huishi peke yake, mmoja kwa kila mtandao wa njia. Habari njema ni kwamba ukimtoa mmoja, mtandao unabaki mtupu. Habari nyingine ni kwamba nyumba tupu iliyokwisha kuchimbwa hupata mpangaji haraka. Tulipaswa kuzibomoa njia siku ileile.

Wa tatu aliponaswa, siku ya tisa, tulifukua njia zote tulizoweza kuzifuata kwa nondo, tukazijaza udongo na kuushindilia. Karoti tukazihamishia kwenye tuta la kuinuliwa lenye wavu wa waya chini yake, matundu ya sentimita 1, kingo zimepandishwa pande zote. Kazi hiyo ilituchukua siku nzima na ndiyo iliyogharimu kuliko yote, lakini mtego humtoa fuko aliyepo tu. Anayefuata huzuiwa na wavu. Wa mpakani, kule bondeni, tumewaacha waendelee kuugeuza udongo wao.

Ukiona kifusi uani kwako wiki hii, tafuta mtegaji kijijini kwenu kabla hujaenda dukani. Wapo, na wengi wao ni wazee. Kaa naye umtazame anavyofunga kamba, na umlipe vizuri. Na kama tayari umekwisha kununua vile vidonge vya ghalani, pima kwanza hatua kutoka kwenye shimo hadi mahali wanapolala watoto wako, kisha usivitumie.