Fundi Viatu na Mipango ya Miguu

Hapa Mwanga, Kigoma, kila mtu ana mpango. Huyu ataanza kukimbia Jumatatu. Yule atapanda treni kwenda Dar es Salaam mwezi ujao, au atavuka ziwa kwenda Kalemie kumwona shangazi yake. Vijana wana mechi ya ndondo Jumamosi. Mipango hii hutangazwa kwa sauti kubwa kwenye kahawa, saluni na mbele ya meza za dagaa, na mingi hufia hapohapo. Ule wa kweli utautambua mapema: mwenyewe ameshapita kwa fundi viatu.

Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, kwa sababu sijasikia akisifiwa. Seremala ana heshima yake, fundi cherehani hutajwa kila harusi, mvuvi wa migebuka hujivuna mwenyewe bila kusaidiwa. Fundi viatu anakaa pembezoni mwa soko kwenye kigoda kifupi, anaiona dunia kuanzia magotini kushuka chini. Mtaji wake wote unaingia kwenye sanduku moja la mbao: kisu kilichonolewa mpaka kikabaki nusu, nyundo, koleo, msasa, kopo la gundi, uzi wa nailoni, kipande cha nta, na ile sindano nene yenye mpini wa mti na ndoano nchani. Kando yake kuna rundo la viatu visivyo na wenyewe na vipande vya tairi. Hilo ndilo ghala lake la vipuri.

Mpe kiatu uone. Kwanza hakitazami juu, anakigeuza. Soli ndiyo inayomweleza habari. Kisigino kilicholika upande wa nje ni cha mtu wa kawaida, wengi wetu hutua hivyo. Kilicholika upande wa ndani kina shida, na fundi mzuri atakuuliza kama goti halikuumi. Njumu ya kulia iliyoachama mbele wakati ya kushoto ingali nzima ni ya mshambuliaji wa mguu mmoja. Raba iliyotoboka chini ya kidole gumba ni ya bodaboda wa muda mrefu, au ya mtoto anayefunga breki ya baiskeli kwa mguu. Akishamaliza kusoma anauliza swali moja, na kwangu swali hilo ndilo ufundi wenyewe: "Unakwenda navyo wapi?"

Haulizi kwa umbeya. Kiatu cha ofisini kitapigwa gundi na kushonwa pembeni, basi. Cha kwenda shamba kitawekewa kipande cha tairi. Njumu haiwezi kupewa soli nzito, mwenye nayo atakuwa anafika kwenye mpira wakati wenzake wameshashangilia. Raba ya kukimbilia lazima ijikunje pale vidole vinapojikunja, kwa hiyo mshono wa mbele hauvutwi sana. Kiatu kilekile kinaweza kutengenezwa kwa namna mbili au tatu, na asiyejua kinakokwenda anabahatisha tu.

Kazi yenyewe inadai subira ambayo wateja hawana. Gundi ya viatu haibandikwi ikiwa mbichi. Fundi hukwangua pande zote mbili kwa msasa, hupaka, halafu huacha. Mteja anahema, anatazama saa, anauliza kwa nini asibandike. Gundi ikishakauka kiasi cha kutonata kidoleni ndipo anapokutanisha soli na kiatu na kuipiga nyundo, na hapo haitoki kirahisi. Baada ya hapo huchora mfereji mwembamba kwenye soli kwa ncha ya kisu, kuzunguka ukingo wote. Wengi hudhani ni pambo. Uzi utalala ndani ya mfereji ule, chini ya uso wa soli, ili ardhi isiukate. Fundi anayeruka hatua hii atakurudishia kiatu kinachopendeza, na baada ya wiki chache za kokoto za Kigoma uzi utakuwa umelika wote.

Mpira ni mtihani mwingine. Mpira wa ngozi tuliouzoea, ule wa vipande 32, wenye pembe tano 12 na pembe sita 20, uliotambulishwa kwa dunia kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, hushonwa ukiwa ndani nje. Ukipasuka mshono, fundi hana anasa ya kuugeuza. Lazima ashone kutoka nje na kuficha mafundo ndani, kwa sindano mbili na uzi mmoja, na mshono wa mwisho kabisa huvutwa bila mtu kuuona unakoishia. Akikosea, mpira unakuwa na kidonda kinachouyumbisha hewani, na golikipa wa chandimu atamlaani fundi badala ya kujilaani mwenyewe.

Mji huu una haki ya kujali mpira. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, ilichezwa hapa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, na bao pekee la Taddeo Lwanga likawapa Simba kombe. Timu yetu ya Mashujaa nayo imeuleta mpira wa Ligi Kuu nyumbani tangu msimu wa 2023/24. Wachezaji wa ngazi hiyo hawaleti njumu zao sokoni, najua. Lakini hakuna aliyezaliwa Ligi Kuu. Kabla ya jezi yenye jina mgongoni kuna miaka ya kucheza kwenye vumbi jekundu na njumu ya mtumba iliyopita kwa kaka wawili, na kila ilipoachama kuna mtu aliifunga mdomo.

Kwenye kukimbia sifa za fundi huyu zinaonekana wazi zaidi. Siku hizi hamasa ya kukimbia inauzwa kama sabuni: maneno matamu, picha za watu wenye vifua vipana, ahadi za mwili mpya kwa siku thelathini. Waliopita shule zetu zamani hawakuhamasishwa na mtu. Walipigiwa kengele, wakakimbizwa mchakamchaka wakiimba, wakarudi darasani na jasho lao. Mtu mzima wa leo hana kengele. Ana visingizio, na vingi kati ya hivyo vimekaa mguuni. Kutoka stesheni ya reli ziwani kupanda mpaka Mwanga ni mlima usio na huruma, na soli iliyobanduka robo tu inatosha kumrudisha mtu kitandani. Fundi hamhubirii. Anamrudishia raba yake Ijumaa jioni ikiwa nzima, na asubuhi yake mtu yule hana cha kujitetea.

Dunia ina ushahidi wake. Abebe Bikila alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, akashinda. Watu husimulia habari ile kana kwamba viatu ni anasa. Wanasahau kwamba Mhabeshi yule alikosa viatu vilivyomkaa vizuri, akaona afadhali ngozi yake mwenyewe. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena, na kwa muda mfupi zaidi. Tokyo hiyohiyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu wetu alimpita Mjerumani Amanal Petros mstarini kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha. Katika tofauti ndogo kiasi hicho, lengelenge moja lingeandika historia nyingine.

Na safari? Huku kwetu safari imekuwa habari ya miguu kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa habari ya magurudumu. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia Ujiji, na iliyoikanyaga ni miguu ya wapagazi, mzigo wa frasila mbili kichwani au begani. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaliona ziwa Februari 1858. Livingstone, ambaye kila mtoto wa hapa anajua alikutana na Stanley Ujiji mwaka 1871, mwaka mmoja kabla alikuwa amekwama Manyema zaidi ya miezi miwili kwa vidonda vya miguu. Dira na ramani alikuwa nazo. Nyayo ndizo zilizokataa.

Msafiri wa leo anamletea fundi begi. Zipu imegoma, mkanda umekatika, na treni ni kesho. Fundi hubana kile kichwa cha zipu kwa koleo, kidogo tu, kwa sababu kikizidi kubanwa kinavunjika. Mkanda huushona kwa msalaba ndani ya mraba, mshono usiokubali kufumuka hata begi likivutwa na watu wawili kwenye dirisha la behewa pale Tabora.

Wanaodharau vitu vilivyotengenezwa upya nawakumbusha meli ya mji wao. Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa treni na kuunganishwa hapa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi ili siku moja zifae tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina tunalolijua. Aliyepaka ile grisi angeelewana vizuri na fundi wa Mwanga.

Kasoro anayo, tusidanganyane. "Njoo kesho" yake ina kesho nyingi ndani yake, na atakupokea kiatu hata kama ameshapokea vya watu ishirini. Lakini kuna jambo analolifanya ambalo mafundi wengi wa vitu ghali hawalifanyi: akikiona kiatu hakifai, anakurudishia bila kukutoza, kisha anakuelekeza kwenye mitumba.

Mtihani wake mpya ni raba za kisasa zenye soli nene ya sponji. Ni nyepesi, zinamrusha mkimbiaji mbele, na wakubwa wa riadha duniani wamelazimika kuwekea soli kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani. Sponji haishikiki na uzi. Ukiivuta inachanika. Kwa hiyo mafundi wameanza kuikata chini, wima na safi, kubandika bamba jembamba la mpira, kisha kushona bamba hilo na kitambaa cha juu huku uzi ukiikumbatia sponji bila kuitoboa. Aliyeibuni raba ile akiiona sijui atasemaje. Inakuwa nzito kidogo, na vijana wa jogingi wanazilalamikia hizo gramu hamsini wakiwa wanaelekea Ujiji.