Tundu Kwenye Nguzo

Jengo la chuma likiwa linainuka, macho ya wapita njia hukimbilia winchi na boriti inayoning'inia. Mimi hutazama nguzo za pembezoni. Mhandisi anayejua kazi yake hazikomeshi usawa wa sakafu. Huziacha ziipite kwa zaidi ya mita moja, na juu kidogo ya kiuno cha mtu mzima huchora tundu, kisha jingine nusu ya hapo. Matundu hayo hayamhusu atakayeishi humo. Ni ya kupitishia waya wa chuma, ili ghorofa ipate uzio mapema, wakati kuta bado ni habari ya miezi ijayo.

Nchini Marekani, kanuni za kusimika vyuma zilizoanza kutumika 2002 zinataka nguzo ya pembezoni iipite sakafu kwa inchi 48, kama sentimita 122, na tundu la juu liwe kati ya inchi 42 na 45. Lakini uzuri wenyewe uko katika mahali tundu linapotobolewa. Karakanani, nguzo imelazwa chini na mashine inamaliza kazi kwa muda mfupi. Likisahauliwa kwenye mchoro, atatafutwa mtu wa kulitoboa hukohuko juu, amesimama ukingoni, mikono yote miwili imeshika drili, na uzio ambao ungemkinga ndio huo bado anautafutia tundu.

Kuna fundo jingine lililo gumu zaidi. Boriti mbili zinakutana kwenye nguzo moja, kila moja na upande wake, zikitumia boliti zilezile. Ya kwanza imekwisha kufungwa. Ili ya pili iingie, fundi hana budi afungue nati na kurudisha boliti nyuma, huku boriti ya kwanza, ambayo huenda ndiyo aliyoikalia, ikibaki haina kinachoishika. Upepo ukiisukuma ile ya pili wakati huo, zote mbili zinaweza kuporomoka naye. Mchoraji makini hulimaliza jambo hili kwa penseli: hupanga viunganishi vipishane kwa mstari mmoja wa boliti, ili walau boliti moja ya boriti ya kwanza isiguswe, au huagiza kibao cha chuma kichomelewe chini ili boriti ikikalie. Ni kilo chache tu. Chini kabisa, kwenye msingi, huweka boliti nne kwa kila nguzo, isimame imara hata winchi ikishaachia.

Uingereza iliwabebesha wasanifu jukumu hili la kumfikiria mjenzi tangu kwenye mchoro kisheria kwa kanuni za mwaka 1994. Matunda yake yalionekana kwenye maandalizi ya Olimpiki ya 2012: bustani ya michezo ya London ilijengwa bila mfanyakazi hata mmoja kufa kwa ajali ya ujenzi. Paa la ukumbi wake wa mbio za baiskeli ni wavu wa nyaya za chuma. Wavu huo ulitandazwa na kuunganishwa chini, kisha ukavutwa juu ukiwa mzima. Saa nyingi ambazo mafundi wangezimaliza hewani, walizimaliza miguu ikiwa ardhini.

Wakazi wa Djenné, Mali, walikuwa na jibu lao. Msikiti wao mkuu wa udongo, huu uliopo ukiwa wa mwaka 1907, umechomoza magogo ya mvumo kutani. Wageni huyapiga picha kama mapambo, na kweli yanapendeza, ila kila mwaka mji ukija kuupaka msikiti udongo mpya, mafundi hukanyaga hayohayo. Jukwaa lilijengwa pamoja na ukuta.

Kwetu, mahali pa kuupima ustadi huu ni paa bapa la zege, lenye matangi ya maji na paneli za jua, ambako fundi bomba atapanda miaka nenda rudi. Wasanifu wengi hupenda ukuta wa ukingoni uwe mfupi, sentimita 40 hivi, jengo lionekane jepesi. Ukipandishwa hadi 110 ni kozi tatu tu za tofali, na fundi hahitaji kamba. Bora pia mchoro useme ukuta huo ujengwe kabla ya kazi nyingine za paa, jukwaa la nje likiwa bado halijavunjwa, ili wa kwanza kukingwa nao wawe haohao wanaolijenga jengo.