Pongezi kwa Wapaka Matairi

Yawapasa sifa waosha magari wanaoyahudumia magari ya njia ya Mlandizi hadi Maneromango, ipitayo Mzenga, kwa kazi ambayo abiria huitambua kwa weusi wake tu: kulipaka tairi dawa ya kulihifadhi. Mpira, ijapokuwa umechanganywa masizi tangu kiwandani ili kuuhami na mionzi ya jua, hudhoofishwa taratibu na joto pamoja na hewa ya ozoni, hata ubavu wa tairi ukafanya nyufa nyembamba pengine kabla kashata zake hazijalika. Basi fundi hodari huusugua kwanza kwa sabuni na brashi, akangoja tairi likauke kabisa, ndipo akapaka silikoni iliyochanganywa na maji, tabaka jembamba juu ya jingine, ubavuni peke yake. Kwani kashata zikipakwa, gari huteleza. Wapo wapakao dizeli au oili chafu, na mng'ao wake, kwa rai yangu, ni hadaa tupu, maana mafuta hayo huuvimbisha mpira na kuulegeza. Amkataliaye dereva ombi la kupakiwa mafuta hayo, akamweleza sababu kwa upole, amestahiki ujira wake na ziada.