Manju na wimbo wa kuazima

Kikundi cha ngoma kinachompokea mgeni rasmi Mpanda mjini, mkoani Katavi, hakipewi muda mrefu. Iwe ni Mwenge wa Uhuru umefika au ni sherehe ya wakulima, mshereheshaji ana ratiba mkononi na kwaya imekwisha kujipanga pembeni. Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ilizaliwa shambani ambako hakuna aliyetazama saa. Uwanjani inabidi ikunjwe. Manju, kiongozi wa nyimbo, anaacha nyimbo kadhaa za bugobogobo yenyewe, kisha, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, anapachika wimbo uliotoka ngoma nyingine kabisa.

Asiyejua atasema anajaza nafasi. Kujaza nafasi ni rahisi. Wimbo wowote unaopendwa utafanya kazi hiyo, na vikundi vingi ndivyo vinavyofanya. Kuupa wimbo mgeni kazi ndani ya ngoma ya zamani ni jambo lingine.

Chukua wimbo wa wawindaji. Wasukuma walikuwa na vyama vya wawinda tembo, vya wawinda nungunungu na vya mafundi wa nyoka, kila kimoja na nyimbo zake. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani aliyechapisha mwaka 2010 kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi nyimbo za vyama hivyo zilivyohamia kwa wakulima. Kwa hiyo kuazima si uchafu ulioletwa na jukwaa. Bugobogobo imekua kwa kuazima.

Lakini wimbo wa mwindaji haukutungwa kwa jembe. Mstari wake ukirefuka, hakuna anayeumia. Kwenye bugobogobo jembe hupanda na kushuka, na pumzi ya mchezaji hukatika pale linaposhuka. Silabi moja ikizidi, mkono unabaki hewani na safu nzima inayumba. Ndiyo maana manju makini hukaa kwanza na mpiga ngoma kubwa, wakiimba kwa sauti ya chini na kugonga mapigo kwa vidole, wakitafuta neno la kuondoa. Mara nyingi linaloondoka ni lile tamu kuliko yote.

Halafu kuna mahali pa kuuingizia. Manju mvivu husimamisha kila kitu, anaanza upya, na ngoma inapoa kama chai iliyosahaulika. Fundi hasimamishi. Ngoma zinashushwa mpaka anabaki mtu mmoja anayegonga jembe kwa chuma, mapigo yale yale ya wimbo uliopita. Juu ya mapigo hayo manju anaanza peke yake. Safu ya mbele inapokea kiitikio, ya nyuma inafuata. Ngoma kubwa inarudi baadaye, na inaporudi ndipo majembe yanarushwa juu na kudakwa. Ukisikia watu wakishangilia hapo, wanashangilia subira ya manju, ingawa wenyewe watakuambia ni majembe.

Katavi inamwongezea kazi. Mkoa huu uliotokana na Rukwa mwaka 2012 una Wapimbwe, Wakonongo na Wabende, una Wasukuma waliohamia na mifugo yao, una wakazi wa Katumba na Mishamo ambao asili yao ni wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Kejeli ya Kisukuma haiwafikii wote. Beti zinabaki za Kisukuma, kiitikio kinafupishwa na kutiwa Kiswahili. Wimbo wa mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vya Wasukuma, ndio mgumu zaidi: kule mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake, na nyimbo zina mishale kwa mtu fulani. Ukihamishwa bila kutolewa mshale, unamchoma asiyehusika.

Kuna pia cha kuacha. Katika ngoma za Burundi, ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashakwe zinashika mapigo, ibishikizo zinaifuata. Kuchomoa wimbo pale na kuuacha uongozi huo wa ngoma ni kubeba ganda. Manju anayejua hilo anaacha.

New York nao wanafanya haya kwenye tamthilia za muziki. *Anything Goes* ya Cole Porter ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1934. Iliporudishwa jukwaani mwaka 1962 na tena 1987 ilipachikwa “It's De-Lovely”, wimbo wa onyesho lake la mwaka 1936. *Kiss Me, Kate* ya 1948 nayo iliporudi mwaka 1999 iliongezewa “From This Moment On”, ambao Porter aliutungia onyesho jingine. Wale wana nafuu kubwa: mtunzi ni mmoja, sikio halishtuki. Manju wa Mpanda anaunganisha watunzi wasiowahi kuonana, wengine majina yao hayajaandikwa popote. Kwangu mimi, kazi yake ndiyo nzito zaidi.

Nafuu nyingine ya wale ni kwamba chimbuko la kila wimbo limeandikwa. Maafisa utamaduni wa Katavi, kabla kikundi hakijaingia uwanjani mwulizeni manju kila wimbo ameutoa wapi na kwa nani, mkaandike, na mshereheshaji alitaje chimbuko hilo kwa sauti. Ratiba ya mgeni rasmi haitaharibika kwa hilo.