Mchoro Nyuma ya Kifuniko

Kabla hajashika bisibisi, fundi wa redio huuliza: "Imeshashikwa na mtu mwingine?" Swali hilo nimelisikia kwenye vibaraza vya Kariakoo tangu enzi za kutumwa na wakubwa, na bado nalisikia kwa mzee mmoja ambaye huwa napita kumwamkia kila nikishuka mjini. Akijibiwa "Hapana, mzee," uso humkunjuka. Akiambiwa wapo waliotangulia, huigeuza redio na kutazama vichwa vya skrubu. Kwa namna vilivyochubuka anajua aliyepita alikuwa fundi au mwenye haraka zake.

Kisha husikiliza. Redio ya umeme inayonguruma hata ukipunguza sauti yote, kapasita yake imekauka. Inayokwaruza ukizungusha kitufe, vumbi limeingia. Inayokata sauti na kurudi ukiigonga ubavuni, mahali fulani lehemu imepasuka. Ugonjwa ameshaujua kabla ya kuona utumbo.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya uzi. Redio za zamani zilikuwa na uzi mwembamba uliotoka kwenye kitufe cha kutafutia stesheni, ukazunguka gurudumu kubwa, ukapita kwenye vigurudumu vidogo vya pembeni na kuukokota mshale mbele ya kioo chenye namba. Uzi ukikatika redio ni nzima, inaongea, ila imeng'ang'ania stesheni moja. Fundi alichukua mshipi wa kuvulia, akaushika ncha moja kwa meno, na kuanza kuuzungusha kwa kumbukumbu ya vidole. Akikosea upande, mshale hukimbia kushoto wewe ukizungusha kulia. Ukilegea unateleza, ukikaza mno kitufe kinakuwa kizito kama bawaba yenye kutu. Mwishoni alifunga kispringi, akanyoosha mshale, na kumwita mwenye redio aje azungushe mwenyewe. Yeye hakuzungusha. Nadhani ilikuwa adabu ya kazi.

Kukarabati kulizaa kuboresha. Redio za Japani zilikuja na FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu hufika 108, na mpaka leo magari yaliyotumika Japani hushuka bandarini na shida hiyo hiyo. Siku hizi huchomekwa kifaa cha kushusha mawimbi kati ya antena na redio. Fundi wa zamani alifungua ndani, akatafuta koili ndogo ya waya, akatanua mizunguko yake kidogo kidogo kwa kijiti cha kiberiti. Kijiti, si bisibisi, kwa kuwa chuma chenyewe huhamisha stesheni: unaisikia vizuri, ukiondoa mkono imekimbia. Na kijijini, ambako fundi hakuwepo, watu walianika betri juani, wakazipanga zilizochoka ndani ya bomba la karatasi na kuivusha redio hadi taarifa ya habari ya usiku. Wasomi hawakuwaita wahandisi.

Sasa nije kwenye kifuniko cha nyuma. Redio nyingi za Philips na National, ambazo baadhi yake ziliungwa hapa hapa nchini, Arusha na Dar es Salaam, zilibandikwa ndani ya mgongo karatasi yenye mchoro mzima wa saketi: kila transista na namba yake, kila rizista na thamani yake. Aliyeitengeneza alijua kwamba siku moja itaharibika, tena mbali na kiwanda, na kwamba mtu asiyemfahamu ataifungua. Akamwachia maelezo. Mzee wangu huipangusa karatasi hiyo kwa kiganja kabla ya kuisoma, hata ikiwa imeliwa na mende nusu yake.

Vifaa vya leo vimegundishwa kwa gundi. Mwaka 2009 Apple walianza kutumia skrubu ya petali tano ambayo bisibisi ya kawaida haiingii. Kuna simu ambazo ukizitia kioo halali kutoka simu nyingine ya aina ile ile, zinakitambua kuwa mgeni na kulalamika. Ufaransa imelazimika tangu 2021 kuamuru baadhi ya vifaa viuzwe na alama za jinsi vinavyorekebishika, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuhimiza ukarabati. Sisi tuliokuwa na jambo hilo kibarazani bila sheria tumeshajifunza kutupa. Spika ndogo ya kuunganisha na simu ikizima, hakuna anayeuliza imekufa nini. Huenda ni waya mmoja tu umeachia. Bei ya mpya imekaribia bei ya kutengeneza, nakubali, ila sijui ni lini tulianza kuona haya kubeba kitu kibovu mkononi kwenda kwa fundi.

Vijana waliorithi vile vibaraza si wavivu. Wanalehemu chini ya hadubini vitu vidogo kuliko punje ya ulezi, kazi ambayo mzee mwenyewe huitazama kwa heshima. Mchoro nao wanao. Wanarushiana kwenye simu kwa kificho, mafaili yaliyovuja kutoka viwandani, na kila ukurasa umeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni siri.