Gargar Wamenikamata: Wapeni Jukwaa la Palestina

Ndiyo kwanza naimaliza albamu ya Garissa Express, na moyo bado unanidunda! Kumbe kundi la wanawake wa Kisomali kutoka Garissa, Gargar, lilishaingia studio ya Ketebul Music jijini Nairobi, ile ya mtayarishaji Tabu Osusa, likatoka na albamu hiyo nzima, na sisi tunaojiita wapenzi wa muziki bado tunazunguka na nyimbo zilezile za kila siku. Nimeirudia yote bila kunyanyuka, na baada ya kuirudia nina jambo moja tu la kusema: hawa ndio wa kuwaimbia Wapalestina, tena Garissa kwenyewe.

Sikilizeni sauti hizo! Mmoja anatangulia, wenzake wanampokea kwa pamoja, na gitaa linawafuata nyuma. Muziki wa Kisomali hutembea juu ya noti tano tu, na ukubwa wake umo humo: kila noti inabeba mzigo mzito, hakuna ya kupitia njia. Msikilizaji wa mwambao aliyelelewa na taarab atashangaa mwanzoni, kisha atanaswa. Mimi ningeulizwa, jukwaani ningepunguza nusu ya vyombo, nibakize ngoma, makofi na koo za akina mama. Hazihitaji zaidi ya hapo.

Huwezi kuwasikiliza wanawake hawa bila kuikumbuka buraanbur, ushairi wa wanawake wa Kisomali. Aliyewahi kualikwa harusini Garissa au Eastleigh anaijua: mmoja anatoa beti, wengine wanapiga ngoma na makofi, na aliyevaa gauni la dirac linalomeremeta anaingia kati kucheza mpaka ukumbi mzima unasimama. Lakini si ya harusi peke yake. Panapochangwa fedha, mara nyingi buraanbur ndiyo inayozifungua pochi. Katika miaka ya 1940, chama cha Somali Youth League kilipokuwa kikidai uhuru, wanawake waliuza dhahabu zao kukichangia, na beti zao zikawa silaha. Mwanaharakati Hawa Tako aliuawa Mogadishu Januari 1948 katika harakati hizo, na sanamu yake ikaja kusimamishwa mjini humo. Mwaka huohuo Waingereza walikipiga marufuku chama hicho katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Garissa ilikuwa sehemu yake. Na mwaka huohuo, kule Palestina, watu zaidi ya 700,000 walipoteza makazi yao katika msiba wanaouita Nakba. Sisemi misiba hiyo ni mmoja. Nasema bibi zetu wa kaskazini walikuwa tayari wanajua wimbo unaweza kufanya kazi gani.

Tena kuimba kwa ajili ya watu wa mbali ni desturi kongwe katika muziki huu. Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Mwenzetu kabisa! Patrice Lumumba wa Kongo alipouawa mwaka 1961, Qarshe alichukua kinanda chake cha udi akamtungia wimbo. Hakungoja aulizwe Kongo inamhusu nini.

Na Garissa, hata swali la Palestina inawahusu nini halipo. Kambi za wakimbizi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zimo katika kaunti hiyo tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na wapo watu wazima waliozaliwa humo ambao hawajawahi kuiona nchi wanayoitwa wenyeji wake. Mama anayeuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi hahitaji kuelezwa hema ni nini, wala maana ya kungoja kurudi nyumbani.

Kwa hiyo naliona waziwazi tamasha la kuwachangia Wapalestina, na siwezi kukaa kimya! Baada ya swala ya Isha, joto la mchana likishapungua, na upepo ukivuma kutoka Mto Tana. Usiku wa kwanza uwe wa wanawake pekee, kama zinavyofanywa sherehe nyingi za kwao, ili akina mama waje na mabinti zao wakiwa huru, wacheze, wajibizane beti, wachange. Usiku wa pili uwe wa wote, familia kwa familia. Masheikh washirikishwe mapema, maana mwanamke kupanda jukwaani si jambo linalopita kimya katika mji huu, na heshima ikitangulia mengi hufunguka. Mapato yatangazwe hadharani usiku uleule, hadi shilingi ya mwisho, kisha yapelekwe kwa shirika linalojulikana, kama Hilali Nyekundu ya Palestina, ambalo magari yake ya wagonjwa yanafanya kazi Gaza. Tangu Oktoba 2023 Wakenya wamekusanyika na mabango Nairobi. Sasa ni zamu ya ngoma, na ngoma hii ipo kaskazini.

Msomaji, itafute Garissa Express leo hii, uisikilize kwa sauti ya juu, kisha umpe jirani yako. Na wewe mwenye ukumbi au uwanja pale Garissa, usingoje mtu aje kutoka Nairobi kukupangia. Waite Gargar, wape tarehe, sisi tutakuja na michango yetu mkononi.