5.4 Uhuru, Jina na Penzi: Mjadala wa Mashabiki kuhusu Uhura na Spock kwa Upeo wa Mpokezi wa Mara

Sehemu hii inahakiki mjadala wa mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya bunilizi ya kisayansi iliyoanza kuoneshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mjadala huo unawahusu wahusika wawili: Luteni Uhura, afisa mawasiliano wa chombo cha anga, na Spock, afisa wa sayansi ambaye baba yake ni wa sayari ya Vulcan na mama yake ni binadamu. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: je, penzi la wahusika hawa linampunguzia Uhura hadhi au linamwongezea? Msingi wa uchambuzi ni Nadharia ya Upokezi, hususani dhana ya Jauss ya upeo wa matarajio. Upeo unaotumika ni wa mpokezi wa Musoma, Bunda na Butiama. Hapa Mara haichukuliwi kama kura ya maoni. Inachukuliwa kama historia ya lugha inayomwezesha mpokezi kuona yale ambayo kambi za mashabiki zimeyapita.

5.4.1 Hoja za Kambi Mbili

Katika tamthilia ya miaka ya 1960, Uhura na Spock hawakuwa wapenzi. Mashabiki wanaowaunga mkono hutegemea ishara ndogondogo. Katika kipindi cha "The Man Trap", Uhura anamchokoza Spock amweleze jinsi Vulcan inavyopendeza mwezi unapokuwa mpevu. Spock anajibu kwamba Vulcan haina mwezi. Katika "Charlie X", Uhura anaimba akimtania Spock, naye Spock anampigia kinubi. Filamu ya mwaka 2009, iliyoongozwa na J. J. Abrams, iliwafanya wapenzi waziwazi, na ndipo mjadala ulipopamba moto.

Kambi ya kwanza inadai kwamba Uhura, aliyesifiwa kwa kuwa mwanamke mweusi mwenye taaluma na asiyemtegemea mwanamume, amegeuzwa kuwa mpenzi wa shujaa. Kambi ya pili inajibu kwamba mwanamke mweusi amenyimwa kwa muda mrefu nafasi ya kupendwa kwenye skrini, hivyo kupendwa ni sehemu ya utu wake. Kambi hizi zinapingana, lakini dhana yao ni moja: kwamba uhuru na penzi ni vitu viwili vinavyogombea nafasi ndani ya mwanamke mmoja.

5.4.2 Jina Linalobeba Hoja

Mwigizaji Nichelle Nichols alieleza kwamba jina la mhusika wake lilitokana na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, cha mwaka 1962, na kwamba irabu ya mwisho ilibadilishwa ili jina lisikike la kike. Kwa mpokezi wa Kiswahili badiliko hilo halina mashiko ya kisarufi. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi, na irabu "a" haimfanyi mtu kuwa mwanamke. Kabla Uhura hajapewa mpenzi, alikwisha kupewa uke kwa kanuni za lugha isiyo yake.

Neno lenyewe lina uzito wa pekee Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere. Vitabu vya hotuba na maandiko yake vilibeba majina Uhuru na Umoja (1966), Uhuru na Ujamaa (1968) na Uhuru na Maendeleo (1973). Katika majina yote matatu neno uhuru limefungwa na kiunganishi "na". Halikuachwa lisimame peke yake. Mpokezi aliyelelewa katika matumizi hayo hana sababu ya kudhani kwamba uhuru wa Uhura unakoma anapopenda. Unaokoma ni ule unaolazimishwa. Busu lake na Kapteni Kirk katika "Plato's Stepchildren", lililooneshwa tarehe 22 Novemba 1968 na kusifiwa mno, ndani ya hadithi ni tendo la shuruti: wenye nguvu za akili wanawasukuma wahusika hao wasipotaka.

5.4.3 Penzi Linazungumza Lugha Gani?

Katika "The Man Trap" hiyohiyo, kiumbe anayejibadili umbo anamjia Uhura kwa sura ya mwanamume aliyemo mawazoni mwake, akimsemesha kwa Kiswahili. Nia ya kiumbe huyo ni kuua. Kwa hiyo, katika kipindi kimoja, Spock anajibu uchokozi wa Uhura kwa ukavu wa Kiingereza, huku Kiswahili, lugha ya moyo wake, kikiwekwa kinywani mwa muuaji. Katika "The Changeling" (1967), Uhura anafutwa kumbukumbu. Anapokwama katika kujifunza upya kusoma Kiingereza, kinachomtoka ni Kiswahili. Katika filamu ya 2009 anazifahamu lahaja tatu za Kiromulan, lakini baina yake na Spock Kiswahili kinabaki katika neno moja tu: Nyota, jina lake la kwanza, ambalo Kirk analinasa kwa kumsikia Spock akilitamka wanapoagana.

Mara ina Kikurya, Kizanaki, Kijita, Kiikizu, Kiluo na lugha nyingine. Nyerere mwenyewe, mzawa wa Kizanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kiswahili hapa ni lugha ya kukutania, na nyumba yenye lugha mbili za wazazi si jambo geni. Katika nyumba ya namna hiyo, mapenzi hupimwa pia kwa salamu: ni nani aliyejifunza kuwaamkia wakwe kwa lugha yao? Kwa kipimo hicho, Spock, mtoto wa nyumba ya namna hiyohiyo, anabaki na deni.

5.4.4 Hitimisho la Sehemu

Uchambuzi unabainisha kwamba kambi ya pili ina hoja nzito zaidi, kwa kuwa kupendwa hakumwondolei Uhura uhuru. Hata hivyo, kambi ya kwanza imehisi upungufu wa kweli ingawa imeutafuta mahali pasipo pake. Upungufu uko katika penzi linalomtaka Uhura ajue lugha za wote, ilhali mpenzi wake anajua ya kwake neno moja.